Enzi Tamu: Masimulizi ya Mashabiki wa Kandanda katika Ujiji na Kigoma

Wahakiki wetu wa fasihi simulizi wamezichungua ngano, vitendawili, majigambo na nyimbo za jando. Wamefika hata kwenye maneno ya khanga na maandishi ya nyuma ya magari. Lakini ipo fani moja isikikayo karibu kila jioni katika kila mji wa nchi hii, ambayo bado haijapewa kiti katika baraza la uhakiki. Fani hiyo ni masimulizi ya mashabiki wa kandanda wanapoikumbuka enzi iliyokuwa tamu kuliko zote katika maisha ya klabu yao. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama masimulizi hayo kama yanavyosikika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, yaani Ujiji, Mwanga, Kibirizi na Kigoma mjini, na kuyapima kwa vipimo vile vile tuvitumiavyo kupimia utenzi au hadithi.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tumechagua huku, ilhali klabu zinazosimuliwa, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ni klabu za Dar es Salaam. Tumechagua huku kwa sababu hiyo hiyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka bandari ya bahari hadi bandari ya ziwa. Mtu wa Kariakoo aliyetaka kuiona timu yake alitembea kwa miguu hadi uwanjani. Mtu wa Ujiji aliyetaka kuiona timu hiyo hiyo ilimpasa kukata tiketi, kufunga chakula cha njiani na kulala ndani ya gari moshi. Wengi hawakwenda. Televisheni nayo haikufika Tanzania Bara hadi miaka ya 1990. Basi kwa muda wa miaka thelathini na zaidi shabiki wa Ujiji aliipenda timu ambayo hakupata kuiona ikicheza. Ushabiki wake ulikuwa ushabiki wa sikio. Na kilichoingia kwa sikio ndicho kitokacho kwa ulimi.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mzee wa Ujiji anaposimulia mechi ya zamani, kwa kweli hasimulii mechi, anasimulia utangazaji. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, watu kama Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge na Charles Hilary, walikuwa kwake ndio uwanja, ndio nyasi, ndio mpira wenyewe. Sikiliza jinsi anavyotumia njeo. Huanza kwa wakati uliopita, kwa utulivu, kama mtu anayetoa habari ya msiba wa zamani: timu ilifika, watu walijaa, mvua ilinyesha. Ghafla, bila kutoa taarifa, huvuka na kuingia katika wakati uliopo: anachukua, anampita mmoja, anampita wa pili, anatazama, anatoa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mwandishi asichanganye nyakati angemsahihisha mzee huyu kwa wino mwekundu. Angekosea. Kule kuvuka ndiko kunakogeuza habari kuwa tukio, na wasikilizaji wote hujua kwamba mlango umefunguliwa. Hata anayetafuna muwa huacha kutafuna.

Jambo la pili katika fani hii ni kule kutaja mahali. Msimulizi mzuri hamwambii msikilizaji nani alifunga kabla ya kumwambia yeye mwenyewe alikuwa wapi alipolisikia bao. Alikuwa Kibirizi anangoja mashua ya vijiji vya kaskazini. Alikuwa Mwanga kwa fundi cherehani mwenye redio ya National. Alikuwa chini ya mwembe wa Ujiji, na betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza dakika tisini. Betri hizo zastahili kuitwa wahusika wa masimulizi haya, maana mara nyingi hufa dakika ya themanini, na hapo msimulizi hulazimika kueleza namna watu walivyokimbia kwenda nyumba ya pili kutafuta mwisho wa habari. Tumewahi kusikia simulizi moja ambayo nusu yake nzima ilikuwa ya mbio hizo, na tunakiri kwamba nusu hiyo ilitupendeza kuliko ile ya mpira.

Ipo pia majira ya masimulizi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku wa giza, kwa taa; zamani zilikuwa karabai. Dagaa hufuata mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu taa haina kazi, maana ziwa lote ni jeupe, na wavuvi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo siku za baraza. Simulizi ndefu kuliko zote husimuliwa wakati huo, na watu ambao kwa wiki tatu waliishi usiku na kulala mchana hukaa pamoja wakigombea miaka. Kazi yao imeipa fani kalenda yake, kama vile jembe lilivyozipa ngano za bara kalenda ya baada ya mavuno.

Tugeukie sasa simulizi moja ambayo kwa maoni yetu ni kilele cha fani hii. Tarehe 10 Agosti 1974, katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga na Simba zilikutana kuwania ubingwa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Simba wakalilinda bao hilo hadi zikabaki dakika chache, na hapo Gibson Sembuli akasawazisha. Katika dakika za nyongeza Sunday Manara akafunga la pili, na Yanga wakatwaa ubingwa kwa mabao 2 kwa 1. Hizo ndizo habari, na mtu aweza kuzisoma katika mistari mitatu. Baraza la Ujiji huzisimulia kwa muda wa saa nzima.

Kwa nini mechi hii na si nyingine? Kwanza, msuko wake umekamilika kabla ya msanii kuugusa: bao la mapema, ulinzi mrefu, matumaini yanayokwisha, ukombozi wa dakika za mwisho. Mtunzi wa tamthilia angeona haya kuubuni mpango ulionyooka hivyo. Pili, na hili ndilo zito, ukoo wa Manara huhesabiwa na watu wa Ujiji kuwa ni wao, Wamanyema wao. Kitwana Manara, aliyeitwa Popat, alikuwamo katika ushindi wa Yanga wa mabao 5 kwa 0 dhidi ya Sunderland mwezi Juni 1968, na bao moja lilikuwa lake. Sunday, mdogo wake, ndiye aliyemaliza kazi ya Mwanza, kisha baadaye akaenda Uholanzi kuichezea Heracles. Kwa hiyo redio iliposema “Manara” mwaka 1974, sauti ilikuwa inatoka mbali lakini jina lilikuwa la nyumbani. Tukio lilikuwa la watu wengine mpaka jina hilo lilipotajwa. Lilipotajwa likawa la Ujiji.

Lakabu ya Sunday ilikuwa Kompyuta. Hebu msomaji alifikirie neno hilo katika Ujiji ya mwaka 1974. Ni nani pale aliyekuwa ameiona kompyuta? Lakabu iliwafikia watu kabla ya kitu chenyewe, na wakakijua kitu kwa mfano wa mtu: kompyuta ni kile kinachofikiri haraka kama Sunday Manara. Washairi wa mapokeo waliumba tamathali kwa kuchukua kitu kinachojulikana, simba au jahazi au mbaazi, na kukilinganisha na mtu. Mashabiki hawa walikwenda kinyume, wakachukua mtu anayejulikana ili wakieleze kitu kisichojulikana. Lakabu nyingine za zama hizo, Masimenti wa Jumanne Hassan au Homa ya Jiji wa Makumbi Juma, zina utamu wake, lakini hazifiki hapo.

Sisi tuandikao haya hatukuisikia mechi ya Nyamagana kwa akili timamu. Tulikuwa watoto wa kubebwa. Hata hivyo tunaweza kuisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, na tukifumba macho tunauona mguu wa Sembuli. Hatuitaji sifa hii kwa kujivuna, bali kuonyesha kwamba masimulizi haya yamekwisha kuvuka kizazi. Yamekuwa mali ya pokeo.

Sasa tuingie katika maudhui, maana hapo ndipo fani hii inapoanza kutuachia maswali. Enzi tamu ni ipi? Mtu asiyezoea baraza angedhani ni enzi yenye vikombe vingi. Sivyo. Yanga wametwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo kuanzia mwaka 2022, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023. Simba nao walikuwa wametwaa mara nne mfululizo kabla ya hapo, tangu 2018 hadi 2021. Kwa hesabu ya vikombe, miaka hii ndiyo asali. Lakini mzee wa Yanga ukimwuliza wakati uliomfurahisha zaidi, atarudi 1968 hadi 1974, pamoja na ile michezo ya mwaka 1969 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana ambayo Yanga hawakufungwa bali walitolewa kwa kura. Kutolewa kwa kura! Maumivu hayo yamo ndani ya enzi tamu, nayo husimuliwa kwa ladha ile ile ya ushindi, pengine zaidi. Mzee wa Simba naye atataja mwaka huo huo wa 1974, Simba walipofika nusu fainali ya klabu bingwa ya Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Kwa hiyo mwaka mmoja ni mtamu kwa pande zote mbili, ingawa upande mmoja ulipoteza Mwanza na kupoteza Misri.

Wapo wasemao kwamba hii ni tamaa ya ujana tu. Mzee aikumbuka Yanga ya 1974 kwa sababu mwaka 1974 magoti yake yalikuwa mazima. Hoja hii ina ukweli, lakini ni hoja ya kivivu. Ingekuwa ni ujana tu, kila mwaka wa ujana ungekuwa mtamu. Baraza huchagua. Na katika kuchagua huko huficha.

Tazama mwaka 1977. Tarehe 19 Julai mwaka huo Simba waliifunga Yanga mabao 6 kwa 0; Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan mawili, na moja walijifunga wenyewe. Katika baraza lenye mchanganyiko, simulizi hii husimuliwa na upande mmoja, na upande wa pili huijibu kwa ufundi ambao lazima tuusifu. Mzee wa Yanga hakanushi idadi. Husema kwa upole kwamba Yanga ile haikuwa Yanga. Kwamba klabu ilikuwa imepasuka katika mgogoro, nyota wake wakaondoka na kuanzisha Pan African mwaka 1976, na waliofungwa sita walikuwa watu wengine waliovaa jezi tu. Hiyo ni hoja ya kifalsafa: klabu ni jina, ni jengo, ni rangi, au ni wachezaji? Wazee wa Ujiji wanaijadili wakiwa na kahawa mkononi. Kwa upande wetu tunaona kwamba hoja hiyo ina tundu, maana mtu huyo huyo akiulizwa kuhusu mabao 5 kwa 1 ya tarehe 5 Novemba 2023, ambapo Yanga waliifunga Simba na hapakuwa na hata mchezaji mmoja wa zama zake, hujibu bila kusita: tuliwafunga tano.

Marehemu Mathias Mnyampala alitufunza ngonjera, mabishano ya kishairi ambayo mwishoni wabishani hupatana. Mabishano ya baraza la mpira ni ngonjera iliyokataa beti za mwisho. Hakuna anayekubali. Mwito wa adhana au wa chakula ndio huyakatisha, na kesho huanzia pale pale. Sisi hatuoni kuwa huo ni upungufu. Mapatano yangeiua fani.

Upo uzuri mwingine wa huku ziwani ambao Dar es Salaam hawana. Redio iliyoshika Dar es Salaam kwa shida ilishika pia sauti za ng'ambo ya maji. Kwa hiyo katika simulizi za Kigoma utasikia, katikati ya Yanga na Simba, mtu akiingiza Englebert ya Lubumbashi, mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ambao leo ni TP Mazembe. Au Zaire ya mwaka 1974 na Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao tisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Au Vital'O ya Bujumbura iliyofika fainali ya Kombe la Washindi mwaka 1992. Msimulizi huingiza habari hizi bila kusema kwamba amevuka mpaka. Kwake ziwa ni uwanja mmoja wenye milango minne. Tungependa walimu wa jiografia walisikie hilo.

Baada ya sifa hizi, yafaa sasa tuseme tusichokipenda. Kwanza, wanawake hawamo. Kina mama waanikao dagaa Kibirizi walizisikia redio zile zile, na betri nyingine zilizoanikwa walizianika wao. Lakini katika simulizi hawana neno la kusema isipokuwa kuwaita waume zao waje kula. Fani inayojua kutaja nani alikuwa na redio yapaswa kujua nani mwingine alikuwa akiisikiliza.

Pili, na hapa ndipo kiini cha makala haya, ni suala la nafsi. Mwanafunzi wa sarufi aichunguze silabi moja tu, kiambishi “tu-”. Shabiki wa Ujiji husema “tuliwafunga Nyamagana”, “tulitolewa na Mehalla”, “tuliingia nusu fainali”. Yeye, ambaye hakuuona uwanja, amejiweka ndani ya kitenzi. Hapo ushairi wake wote umekaa, na sisi tunauheshimu. Lakini miji mingine iliyo mbali na Dar es Salaam ilipata kuitumia silabi hiyo kwa ajili ya vitu vyake yenyewe. Morogoro wana Mseto, mabingwa wa mwaka 1975. Rungwe wana Tukuyu Stars ya 1986. Tanga wana Coastal Union ya 1988. Wazee wa huko wanaposema “tulichukua ubingwa”, uwanja wanaousema wanaweza kukuonyesha kwa kidole. Kigoma haikuwa na mwaka wa namna hiyo, na sikio likazoea kuipeleka “tu-” mwisho wa reli.

Mtoto wa nyumbani alipotoka, ilikuwa rahisi: “tu-” ilimfuata. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, alisimama golini mwa Simba mwaka 2003 walipowatoa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo. Simulizi hiyo ni ya vijana wa wakati ule, watu wazima sasa, na ina njeo zote, mahali pote na lakabu zote tulizozisifu. Imerithi kila kitu kutoka 1974, ingawa mara hii watu walikuwa wakitazama kwenye vibanda vya televisheni. Lakini siku mchezo wenyewe ulipokuja nyumbani, fani ilipata kigugumizi. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ya nchi yetu ilichezwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, kati ya Simba na Yanga. Mukoko Tonombe wa Yanga, mtu wa Kongo, alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Taddeo Lwanga wa Simba, mtu wa Uganda, akafunga bao pekee katika robo saa ya mwisho. Tumezisikiliza simulizi za siku hiyo mara nyingi. Ni simulizi za msongamano, za wageni waliokosa pa kulala, za bei ya chakula. Mpira wenyewe husimuliwa kwa sentensi mbili. Walioyaona kwa macho yao wanasimulia kwa ufupi kuliko wazee wao waliosikia ya Mwanza kwa betri zinazokufa. Maelezo yetu ni haya: jicho lilipewa yote, na hapakubaki pengo la kujazwa na ulimi.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa umekwisha kuja kabla ya hapo. Tarehe 26 Desemba 2018, klabu ya Mashujaa ya Kigoma, iliyokuwa ya daraja la chini, ilikwenda Dar es Salaam na kuitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 3 kwa 2, siku tatu tu baada ya Simba kuwatoa Nkana ya Zambia na kuingia katika makundi ya klabu bingwa ya Afrika. Kwa msuko, mechi hii haikuzidiwa na ya Nyamagana. Mnyonge wa mwisho wa reli amepanda kwenda kwa mkubwa, nyumbani kwa mkubwa, naye mkubwa yuko katika sherehe. Ni ngano ya sungura na tembo. Ilistahili kusimuliwa kila mwezi mpevu.

Nasi tumeisikia ikisimuliwa Ujiji na mtu wa Simba, kwa uso wa mtu aliyefiwa. Mashujaa walikuwa “wao”. Walitufunga, alisema; walikuja wakatufunga. Mtu wa Yanga aliyeketi karibu naye alicheka kwa furaha, lakini hata yeye hakusema “tuliwafunga”, alisema “waliwafunga”. Katika baraza zima la watu wa Kigoma, ushindi mkubwa wa timu ya Kigoma ulikosa mtu wa kuuweka katika nafsi ya kwanza.

Mwaka 2023 Mashujaa walipanda Ligi Kuu, na tangu msimu wa 2023/24 uwanja wa Lake Tanganyika umekuwa ukizipokea klabu kubwa kila mwaka kama wageni. Wazee huenda na jezi zao za zamani, za kijani au nyekundu, nao hukaa upande wa wageni katika mji waliozaliwa. Watoto wa shule za Mwanga na Gungu hukaa popote. Tumewasikiliza wakirudi nyumbani baada ya mchezo, wakibishana njiani, na tumeitegea sikio ile silabi moja. Hutoka vinywani mwao ikiwa imechanganyika: mtoto huyo huyo husema “tumetoka sare na Yanga”, na kabla hajafika njia panda husema “sisi Yanga mwaka huu ubingwa wetu”. Hamna mwenzake anayemsahihisha.